Maji ya Upande wa Kushoto

Baba alipostaafu uchungaji, waumini wa Nyakitonto walimpa gari. Walilichangia kwa muda mrefu, wengine kwa mahindi na maharage waliyouza baada ya mavuno, na siku ya kuagana tulilikuta limeegeshwa kando ya kanisa, limefungwa utepe mwekundu kwenye boneti. Baba hakuwahi kumiliki gari. Miaka yake yote ya utumishi alitembea kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki. Aliposhika ufunguo alisema kwa Kirundi, lugha aliyozaliwa nayo, "Murakoze cane." Akarudia kwa Kiswahili kwamba anashukuru sana, akaketi. Watu walikuwa wanategemea hotuba. Hawakuipata.

Lilikuwa gari dogo la familia, rangi ya fedha, lenye mlango mkubwa nyuma na nafasi ya kutosha magunia mawili. Lilikuwa limetumika, hilo halikufichwa, lakini lilikuwa limeoshwa na kung'arishwa na viti vyake vilikuwa vizima. Mzee wa kanisa aliyesimamia ununuzi alizunguka nalo pamoja na baba, akimfungulia mlango mmoja baada ya mwingine. Nakumbuka kwamba baba alichungulia ndani kila mara kwa heshima, kama mtu anayetazama nyumba ya mwenzake, na hakugusa kitu.

Mimi ndiye niliyekuwa na leseni. Ni nesi, naishi Kibondo mjini na kufanya kazi huko, na wazazi wangu walikuwa wamehamia Kumsenga, kwenye shamba lao. Gari likawa linakaa kwao uani. Kila mwezi baba alialikwa Nyakitonto kuhubiri, nami nikiwa sina zamu nilipanda bodaboda hadi Kumsenga, nikachukua usukani, tukaingia barabara kuu kuelekea Kasulu. Baba alikaa mbele, kushoto kwangu. Mama alikaa nyuma yake. Mpango huo wa viti haukubadilika, na baadaye ndio uliokuja kueleza mambo mengi.

Lazima niseme kitu kuhusu baba na zawadi. Aliingia Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia katika maisha ya wakimbizi, akapata uraia akiwa mtu mzima mwenye watoto. Utotoni karibu kila alichovaa na kula alipewa na watu asiowajua. Bibi hakuruhusu mtoto yeyote kunung'unikia kitu cha kupewa. Aliyelalamika kwamba blanketi lake lina tundu alilala bila blanketi, na aliyesema maharage yana wadudu alikaa pembeni akitazama wenzake wakila. Baba alitusimulia hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza jinsi alivyofundishwa kusoma. Hakutulea hivyo sisi. Yeye mwenyewe, hata hivyo, alibaki hivyo.

Mvua zilipoanza, gari likaanza kunuka. Mwanzoni ilikuwa harufu ya nguo iliyoanikwa ndani ya nyumba, ya kawaida tu. Halafu vioo vikawa na ukungu kwa ndani, nikawa naendesha huku napangusa kwa kitambaa. Halafu ikaja sauti. Tukipanda kilima nilisikia kitu kinasogea kwenda nyuma, taratibu, upande wa kushoto. Tukishuka kilirudi mbele. Ilikuwa kama dumu lenye maji nusu likilazwa na kuinuliwa. Nilimuuliza baba kama anaisikia. Alisema ni mafuta ndani ya tangi.

Nilijua si mafuta. Nilikunja zulia la upande wake siku moja tulipofika Kumsenga, nikalikuta limelowa kama sponji, na bati la chini lina dimbwi dogo la maji ya kahawia. Baba alisimama karibu yangu na Biblia mkononi. Alisema ni maji ya mwavuli wake. Nikamwambia mwavuli mmoja hauwezi kutoa maji yote hayo. Akajibu kwamba mvua ya wiki ile ilikuwa kubwa, akaenda ndani kubadili nguo.

Nilipangusa, nikaacha milango wazi juani siku nzima. Mvua iliyofuata, maji yakarudi.

Fundi mmoja wa Kibondo alilitazama, akasema ni raba za milango. Tulizibadilisha. Maji yakarudi. Akasema basi ni kioo cha mbele, akakizungushia silikoni nene ambayo hadi leo inaonekana kama makamasi yaliyokauka. Maji yakarudi. Sikumlaumu. Nami katika kazi yangu nimeona homa zikitibiwa kwa namna hiyo, dawa moja baada ya nyingine kwa kufuata uwezekano, na mara nyingi mgonjwa hupona kabla ya daktari kujua alikuwa anaumwa nini. Gari nalo lilipona hivyo. Kiangazi kiliingia, zulia likakauka, sauti ikapotea, na sote tukaacha kulizungumzia. Kwa baba huo ulikuwa ushahidi kwamba hapakuwa na tatizo tangu mwanzo.

Msimu wa pili wa mvua baba alianza kuingia garini amevaa gambuti. Viatu vyake vyeusi vya kanisani alivibeba ndani ya mfuko, akavivaa tukifika Nyakitonto, kabla hajashuka. Alisema ni kwa ajili ya tope la pale uani kwao Kumsenga. Tope lilikuwepo kweli. Pia alikunja kiroba kitupu cha mbolea na kukiweka chini ya miguu yake, na akaacha kuegemeza bega kwenye nguzo ya mlango kama alivyozoea anaposinzia. Niliyaona hayo yote na nikayachukulia kuwa ni mambo ya uzee.

Mama ndiye aliyekataa kuendelea kunyamaza. Nyakitonto hawakumruhusu baba kuondoka mikono mitupu. Kila ibada ilipokwisha tulipakiwa maharage, ndizi, wakati mwingine kuku. Magunia yalivuja punje. Asubuhi moja mama alikuwa anatafuta kifungo chake kilichodondoka sakafuni nyuma ya kiti cha baba, akainua pembe ya zulia, akaniita. Chini ya zulia maharage yalikuwa yameota. Yalikuwa na shina jeupe, refu, na majani mawili mawili ya manjano yaliyolala kifudifudi kwa kukosa mwanga. Mama aliyang'oa machache, akayaweka kwenye kiganja, akaenda nayo mpaka kwa baba aliyekuwa anakunywa chai kibarazani. Aliyaweka kando ya kikombe chake.

Baba aliyatazama. Akasema mbegu ya mwaka ule ni nzuri.

Kuanzia hapo mama hakupanda tena gari lile mvua zikinyesha. Alisema hawezi kukaa juu ya shamba. Kama safari ilikuwa ya lazima, alichukua bodaboda hadi barabara kuu na kupanda basi, na mara mbili alifika Nyakitonto kabla yetu, akatusubiri kituoni amekaa na kibegi chake mapajani, mkavu.

Kidonda nilikigundua kwa bahati. Baba ana kisukari. Kila ninapokwenda Kumsenga nampima sukari na shinikizo la damu, na yeye hunyosha mkono bila ubishi. Siku hiyo nilimwambia avue soksi. Alisema miguu yake haina neno. Nilipiga magoti nikamvua mwenyewe. Ngozi ya mguu wa kushoto ilikuwa nyeupe na imekunjamana, kama mikono ya mtu aliyefua kutwa, na kati ya kidole kidogo na jirani yake palikuwa na kidonda kilichochimbika, chenye harufu. Hakuwa anakisikia. Watu wa kisukari wengi huacha kuisikia miguu yao, na hapo ndipo hatari ilipo.

Nilimuuliza kimeanza lini. Alisema hakumbuki. Nikachukua gambuti lake la kushoto kutoka mlangoni nikaligeuza. Maji yalitoka, si mengi, lakini yalitoka. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya kiatu alichokivaa ili yasimguse.

Nimefunga vidonda vya namna ile kwa miaka mingi na ninajua vinakoishia visipotunzwa. Nilikisafisha, nikakifunga, nikaanza kumpa dawa. Mikono yangu ilifanya kazi kama inavyofanya wodini. Nilipomaliza nilichukua ufunguo wa gari uliokuwa umetundikwa kwenye msumari karibu na kalenda.

"Gari haliendi Nyakitonto mpaka likauke," nilimwambia.

Baba alisema Jumapili ile wanamsubiri.

"Watasubiri. Au nitawapigia simu niwaambie kwa nini huji."

Hakuwa mtu wa kutishwa na watoto wake, nami sikuwa nimewahi kujaribu. "Usiwapigie," alisema mwishoni. "Wataumia." Halafu akaongeza kwamba kama ni lazima litengenezwe, litengenezwe mbali, si Nyakitonto, na mtu asiulizwe liko wapi.

Mbali kwa baba ilimaanisha Kasulu. Sikumwambia kwamba Kasulu ndiko watu wa Nyakitonto wanakokwenda kununua chumvi, betri na sare za shule, na ndiko gari lenyewe lilikonunuliwa. Nilichukua ruhusa kazini. Tulipanga kwamba ningempeleka kwanza hospitali pale Kasulu akaonwe mguu, kisha twende kwa fundi wa bodi niliyeelekezwa na mwenzangu wa kazini. Baba alikaa kiti cha nyuma kwa mara ya kwanza, nyuma yangu, mguu wake umenyooshwa juu ya mto. Kiti chake cha mbele kilikuwa kitupu. Mvua ilitukuta njiani na sauti ile ikawa inakwenda na kurudi kushoto kwetu, na hakuna aliyeitaja.

Hospitali walisema kidonda kimewahiwa. Tukaenda gereji.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, nje kidogo ya soko. Fundi alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, aliyevaa ovaroli lililopoteza rangi, na alinisikiliza hadi mwisho kabla ya kugusa gari. Kisha akalifungua. Alitoa viti, akatoa zulia lote pamoja na sufi nene iliyo chini yake, akalitupa juani ambako lilitoa mvuke. Akapiga kwa vidole bati refu lililo chini ya milango, lile unaloruka unapoingia ndani. Upande wa kulia lililia kama debe tupu. Upande wa kushoto halikulia.

Alitueleza kwamba lile bati ni kama boksi refu, lenye uwazi ndani, na kila gari huingiza maji kidogo kwenye maboksi hayo. Si kosa. Ndiyo maana chini yake huachwa vitundu maji yatokee. Akalala chali, akaingia chini ya gari na bisibisi na tochi ya simu. Tulimsikia akikwangua. Akatoka na kipande cha kitu kigumu cha rangi ya kijivu kwenye kiganja.

"Puti," alisema. "Ya kujazia bati lililobonyea. Tundu limezibwa."

Alirudi chini. Tundu la kwanza lilipofunguka maji yalitoka kwa kishindo, ya rangi ya chai, yenye harufu ya kinamasi, yakamlowesha mkono mpaka kwapani kabla hajajiviringisha pembeni. Yaliendelea kutoka. Watu wawili waliokuwa wakisubiri magari yao walikuja kutazama. Maji yalifanya mfereji kwenye mchanga, yakapita kati ya miguu yetu, yakaelekea kwenye geti. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu wenye bandeji juu ya kreti la soda. Mfereji ulimfikia. Aliinua mguu mzima na kuushikilia hewani, akiyatazama maji yakipita chini yake, mpaka yalipopungua na kuwa matone.

Fundi alivifungua vitundu vingine, kisha akasugua rangi ya upande ule kwa msasa. Chini ya rangi ya fedha palikuwa na puti nene kuanzia mlango wa mbele mpaka tairi la nyuma. Alisema gari lilipigwa ubavuni au liliangukia mtaro, likanyooshwa kwa haraka, na aliyelipaka puti hakukumbuka, au hakujali, kuacha vitundu vya maji. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida. Baba alimuuliza kama ana uhakika. Fundi alimwonyesha alama za nyundo kwenye bati. Baba alitingisha kichwa kukubali.

Lakini hiyo ilikuwa njia ya kutokea tu. Njia ya kuingilia ilikuwa bado. Fundi alidhani ni bomba la kipoza hewa, ambalo likiziba humwaga maji miguuni mwa abiria. Alilipuliza, lilikuwa safi. Akadhani ni majani yaliyojaa chini ya wipa. Alitoa majani mengi, akamwaga maji pale, yakashuka vizuri na kutokea nje. Kufikia alasiri alikuwa ameishiwa mawazo na alisema hivyo. Alisema angeweza kutuachia vitundu vilivyofunguliwa, maji yangeingia na kutoka, gari lisingejaa tena. Nilimwambia ninayemtaka mkavu si gari, ni huyu mzee.

Ndipo mzee wa kanisa alipoingia.

Sikuhitaji kuuliza nani alimwambia. Alikuwa amekuja mjini kwa shughuli zake, akasikia sokoni kwamba gari la mchungaji limelazwa gereji limechambuliwa kama kuku. Alisimama getini, akaliona: halina viti, halina zulia, ubavu umesuguliwa hadi kwenye puti. Halafu akaona mguu wa baba. Alivua kofia.

Walisalimiana kirefu, kama watu wa kwetu wanavyosalimiana, wakaulizana hali ya wake zao, watoto, mashamba na mvua. Wote wawili walikuwa wanajua kwamba salamu zitakwisha. Zilipokwisha, mzee wa kanisa aliuliza maji hayo yameanza lini kuingia.

Nilidhani atasema mwezi huu.

"Tangu mvua ya kwanza," alisema. "Tangu mwaka mliponipa."

"Na hukutuambia."

"Ningewaambia nini? Kwamba nilichopewa hakinitoshi?"

Mzee wa kanisa alikaa kwenye tairi kuukuu lililokuwa karibu. Aliipindapinda kofia yake mikononi. Kisha akasema, akimtazama baba usoni, kwamba walijua. Walijua gari lilikuwa limepata ajali. Aliyewauzia aliwaeleza waziwazi, ndiyo maana waliweza kulimudu. Kamati ilikaa ikajadili kama wamwambie mchungaji au la, na wakaona aibu. Walikuwa wametangaza gari. Hawakutaka kumkabidhi gari pamoja na maelezo. Alikiri kwamba kila baba aliposimama kuhubiri na kushukuru tena kwa zawadi ile, yeye aliinamisha kichwa, na mkewe alidhani anaomba.

Sikujua baba atafanya nini. Nilimwona akitazama chini, bandeji, mchanga uliolowa. Kisha mabega yakaanza kutikisika na nikadhani analia, nikanyanyuka. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mkono mdomoni, kama alivyokuwa akicheka msibani pale jambo lilipokuwa la kuchekesha na haifai kucheka. Mzee wa kanisa alimwangalia kwa mashaka kwanza. Halafu naye akashindwa kujizuia.

Walipotulia, baba alijipangusa macho, akamwita fundi. Alizungumza kama mtu anayetoa taarifa aliyoiandaa kitambo.

"Maji hayaanzi chini," alisema. "Huanza hapa, begani. Mkanda ndio unaolowa kwanza. Halafu yananishuka ubavuni, halafu mguu."

Fundi alisimama tu akimtazama. Nadhani alikuwa anajiuliza kwa nini alikaa chini ya gari muda wote ule. Nami nilikuwa najiuliza hilo hilo, na mengine. Misimu miwili baba alikuwa amejifunga mkanda uliolowa maji, akakaa hivyo kwa mwendo wote wa kwenda na kurudi, na alikuwa amejua mahali hasa yanapoanzia.

Kiti cha mbele kilirudishwa, bila zulia. Baba alidai kukaa mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyejua yanavyokuja. Niliufunika mguu wake kwa mfuko wa nailoni nikaufunga gotini. Fundi alitoa plastiki inayofunika nguzo ya katikati, ile inayoshika mkanda, ili bati libaki wazi. Mzee wa kanisa alikataa kukaa kando. Alipanda juu ya kreti, akashika dumu la kumwagilia bustani walilokwenda kuliazima jirani, akaanza kumwaga maji juu ya paa taratibu, akianzia mbele. Mimi nilijikunja nyuma na tochi ya simu.

Mbele, hakuna kitu. Katikati, hakuna kitu. Mzee wa kanisa alikwenda kujaza dumu tena. Alipofika kwenye mfereji mwembamba unaopita ukingoni mwa paa, ule uliofunikwa na utepe wa raba nyeusi, baba aliinua kidole.

"Hapo," alisema. "Linakuja."

Tone lilikuwa limejitokeza juu kabisa ya nguzo, likaning'inia. La pili likalisukuma. Yakashuka kwa mstari mmoja kwenye bati, yakaupita mkanda, yakapotelea chini, ndani ya boksi. Nilimulika mpaka macho yakauma. Baba alilifuata lile tone kwa kidole chake bila kuligusa, kutoka juu hadi chini. Alikuwa mtulivu sana.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Fundi alibandua utepe wa raba. Chini yake, pale bati la paa linapoungana na bati la ubavu, gundi ya kiwandani ilikuwa imepasuka, pengine siku ile ile ya ajali, na ufa wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba niliuona tu alipoupitishia ukucha. Aliukwangua, akausugua kutu, akaupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akaujaza gundi nyeusi ya kuzibia maungio na kuilainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Ndani ya boksi alipuliza hewa mpaka likakauka, akamimina mafuta mazito yazuie kutu. Vitundu aliviacha wazi, akanionyesha kila kimoja, akaniambia niwe navipitishia waya kila mvua zinapokaribia. Ubavu aliupaka rangi upya, ya fedha iliyo tofauti kidogo na ile ya zamani. Ukilisimamisha juani unaiona.

Tulilala Kasulu kwa ndugu, tukisubiri gundi ishike. Mzee wa kanisa alirudi kesho yake asubuhi na mwimbaji mmoja wa kwaya aliyekuwa na mashine ya kukaushia nywele, sijui walichokusudia kukausha. Zulia lilikuwa juani na limeshakauka. Walikaa hata hivyo. Walizungumza na baba habari za mipaka ya mashamba na ndoa za vijana, na gari halikutajwa.

Njiani kurudi mvua ilinyesha kuanzia tulipotoka mjini. Baba alikaa mbele. Kila baada ya muda alipeleka mkono wa kulia begani, akaushika mkanda kati ya vidole viwili, akaurudisha mkono pajani. Baadaye akaacha kuushika. Akaegemeza kichwa kwenye nguzo, akalala, mdomo wazi, na vilima vyote vya njia ile tulivipanda na kuvishuka bila sauti yoyote upande wa kushoto.

Kidonda kilichukua muda mrefu kupona, kama vinavyochukua vidonda vya namna hiyo. Nilikwenda Kumsenga mara nyingi kuliko kawaida. Kilifunga. Ukucha mmoja haukuota vizuri tena. Mama alirudi kwenye kiti chake cha nyuma, baada ya kwanza kukunja zulia na kupitisha kiganja kwenye bati, jambo ambalo alilifanya mbele ya baba, taratibu, bila kumficha.

Kilichobadilika zaidi sikukitarajia. Baba alianza kusema. Wipa ilipokwaruza, alimpigia simu mzee wa kanisa. Mpini wa mlango wa nyuma ulipolegea, alimpigia. Taa moja ilipoungua alimpigia kabla hata hajaniambia mimi, akamweleza kwa utulivu ni taa ipi, na imeungua akiwa wapi. Hakuwa analalamika na hakuomba chochote. Sauti yake ilikuwa ile ile anayotumia kuulizia afya ya mtu. Wiki iliyopita nilikuwa nao kibarazani, baba akiripoti mlio fulani kwenye gurudumu la mbele. Alizungumza, akanyamaza, akazungumza tena, kisha akashusha simu akaitazama. Nilimuuliza kulikoni. Alisema mzee wa kanisa amempa mkewe simu, na mkewe anauliza huo mlio ni wa namna gani. Akairudisha simu sikioni, akajitahidi kumwigizia mlio ule.